Corolla DX yenye injini ya 4A-GE: namna ya kuchagua saizi ya rimu

DX ikishafungwa injini ya 4A-GE, watu hawaiulizii tena injini. Wanainama, wanatazama magurudumu, halafu wanauliza: "Sasa utaivisha rimu namba ngapi?" Kabla hujafungua kinywa, kila mmoja keshakujibia. Huyu anasema kumi na tano, yule kumi na sita, na hakosekani wa kumi na saba.

Mimi nasema 14. Lakini namba hiyo usiichukue hivihivi, kwa sababu rimu ni kitu cha kuchagua mwisho. Kwanza jua breki zako, difu yako (sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma), kipenyo cha tairi zima na nafasi iliyomo ndani ya madigadi. Ukiyajua hayo manne, saizi ya rimu inajileta yenyewe. Nilianza na rimu zilizonipendeza macho, nikalipa mara mbili.

Gari ninalolizungumzia ni Corolla ya KE70, ile ya pembepembe iliyoingia sokoni mwaka 1979. Ilikuja na injini ndogo ya mfululizo wa K. Yangu ilikuwa 4K ya cc 1290, na kwa injini ile rimu ya inchi 13 yenye tairi jembamba la 155 ilitosha kabisa. Sasa umetia 4A-GE: cc 1587, valvu 16, ambayo Toyota waliitangaza kwa nguvu za farasi 130 walipoiweka kwenye AE86, Corolla ya michezo, mwaka 1983. Gari lilelile, uzito wa mbele umebadilika, mwendo umepanda, na breki ulizorithi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na haraka. Kama gari lako ni Starlet, Datsun 1200 au dogo jingine la zamani, hatua ni hizihizi. Vipimo ndivyo vitakavyobadilika.

Hatua ya kwanza: pima ulichonacho

Inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, toa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma. Utahitaji rula ya chuma, tepu, kaliba ya kupimia, chaki na daftari. Usiamini kumbukumbu ya mtu, hata yako.

Cha kwanza ni PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya studi, zile skrubu ndefu zinazoshika gurudumu. Kwa habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) ya studi nne ni rahisi: pima kutoka katikati ya studi moja hadi katikati ya ile inayoitazama. KE70 ni milimita 114.3. Na hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu rimu zinazojazana kwenye maduka yetu ni za Vitz, Passo, Fit na Corolla 100 na 110, na zote hizo ni milimita 100. Zina matundu manne, zinang'aa, bei ni ya maelewano, na hazikuhusu. Atatokea fundi wa kukuambia kwamba tundu linaweza kuchongwa likafuata studi. Mshukuru, ondoka. Gurudumu linaloshikwa na matundu yaliyochongwa mayai ni gurudumu linalosubiri siku yake.

Cha pili ni tundu la katikati, linalokaa juu ya shingo ya habu. Pima shingo kwa kaliba. Tundu la rimu likiwa dogo kuliko shingo, rimu haiingii. Likiwa kubwa, inaingia lakini inaning'inia kwenye nati pekee, na usukani unaweza kutetemeka ukifika kilomita 90. Dawa yake ni pete ya plastiki au alumini ya kuziba pengo, kitu cha bei ndogo ambacho watu hukisahau. Rimu za Nissan, kwa mfano, nyingi zina tundu la milimita 66.1.

Cha tatu, studi zenyewe. Za DX ni M12 yenye uzi wa 1.5, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Ziandike, tutazirudia.

Hatua ya pili: breki ndizo zinazoamua udogo wa rimu

Watu huuliza rimu kubwa kabisa inayoingia ni ipi. Swali la kwanza linafaa kuwa kinyume chake: ndogo kabisa inayoingia ni ipi?

Kama bado una breki za mbele za asili, inchi 13 inaingia bila shida. Lakini ukifunga 4A-GE ukaacha breki za 4K, una gari linaloondoka vizuri na kusimama kwa dua. Wengi wetu tunatafuta diski nene zaidi na kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) kubwa zaidi, za AE86 au za gari jingine la Toyota, na hapo ndipo rimu ya 13 inaweza kuanza kugusa kalipa.

Tengeneza kielelezo cha karatasi ngumu. Chukua boksi la televisheni, lishike wima kwenye habu, chora umbo la kalipa kwa upande: inatoka nje kiasi gani kupita uso wa habu, na inapanda juu kiasi gani kutoka katikati. Kata kwa mkasi. Kielelezo hicho kibebe mfukoni unapokwenda kutafuta rimu Kirinyaga Road ya Nairobi au popote unaponunulia, ukitie ndani ya rimu, uzungushe. Kisiguse spoku wala ukingo wa ndani. Acha angalau milimita 3 hadi spoku na 5 hadi kingo za ndani, kwa sababu pedi mpya husukuma kalipa mahali tofauti na pedi iliyolika, na rimu ikijikunja kidogo kwenye shimo nafasi ile ndogo ndiyo inayokuokoa. Kumbuka pia vile vidonge vya risasi vya balansi vinavyobandikwa ndani.

Rimu mbili za inchi 14 zinaweza kutofautiana kabisa hapa. Moja ina spoku zilizobonyea ndani, nyingine zimetokeza nje. Namba ya inchi haikuambii hilo. Boksi lako linakuambia.

Aliyefunga 3S-GE ya BEAMS kutoka kwenye Altezza, yenye cc 1998 na nguvu 210, mara nyingi anahama na breki na habu za studi tano. Huyo ataanzia 15 na hana hiari. Makala hii itamsaidia kwenye hesabu, lakini jibu lake si 14.

Hatua ya tatu: kipenyo cha tairi na difu

Hapa nitakaa kidogo.

Kinachogusa barabara ni tairi. Rimu inakaa katikati tu. Kipenyo cha tairi zima hupatikana hivi: upana mara asilimia ya ukuta, mara mbili, kisha ongeza rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4). Tairi la 185/60R14: 185 mara 0.60 ni 111, mara mbili ni 222, jumlisha 355.6, unapata 577.6.

Tairi la zamani lililoandikwa 155R13 bila asilimia lina ukuta wa kama 80, kwa hiyo kipenyo chake ni karibu 580. Sasa linganisha:

175/70R13: 575
185/60R14: 578
195/50R15: 576
195/55R15: 596
205/45R16: 591
185/70R14: 615
195/65R15: 635

Tazama mistari mitatu ya juu. Rimu inakua, tairi zima linabaki palepale. AE86, gari lenye injini hiihii na umbali uleule wa milimita 2,400 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kama KE70, baadhi yake zilitoka kiwandani Japani na 185/60R14. Waliotengeneza injini walishatufanyia nusu ya kazi.

Kwa nini kipenyo kisikue? Kwa sababu 4A-GE haina nguvu chini. Inaamka ikipita mizunguko 4,000 kwa dakika na kuimba hadi karibu 7,600. Tairi kubwa ni sawa na kurefusha difu: unainyima injini mizunguko mahali inapoihitaji, mlimani na kwenye kuondoka. Nimemwona mtu aliyevisha 195/65R15 za Premio kwenye DX yenye 4A-GE, akalalamika kwamba injini "imechoka". Haikuwa imechoka.

Kwa hiyo ijue difu yako. Fundi mwenzako anaweza kukuambia 4.3 kwa kujiamini (yaani propela, ule mhimili mrefu wa kutoka giaboksi, huzunguka mara 4.3 magurudumu yakizunguka mara moja), na ikawa ni difu ya asili ya DX yenye uwiano mrefu zaidi. Kuihesabu ni dakika kumi. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au mbao, gia iwe fri, handibreki ilegezwe. Inua gurudumu moja tu la nyuma, lile jingine libaki chini, na stendi iwe mahali pake kabla mtu hajaingiza kichwa. Tia alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha gurudumu mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na kama theluthi moja, una 4.3 au jirani yake. Ikiwa chini kidogo ya nne, una 3.9. Kama difu ni ya kujifunga, gurudumu moja halitakubali kuzunguka. Inua yote mawili, zungusha pamoja mzunguko mmoja, na hesabu ni ileile.

Sasa fomula, ambayo nimeiandika kwa kalamu ya wino ndani ya boneti: kilomita kwa saa, mara difu, mara uwiano wa gia, mara 5305, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa milimita. Jibu ni mizunguko ya injini kwa dakika.

Giaboksi ya T50 ina gia ya tano ya 0.861. Kwa difu ya 4.3 na tairi la 578, kilomita 100 kwa saa ni kama mizunguko 3,400. Kwa difu ya 3.909 ni kama 3,100. Ukibaki na 4.3 lakini ukavisha 185/70R14, unapata 3,200 hivi. Mtu anayekaa mjini na kupanda milima atapenda ya kwanza. Mimi niko Mombasa, na safari yangu ni Nairobi kwenda na kurudi; kati ya Voi na Mtito Andei kwenye jua la saa nane, ile 3,400 inachosha masikio. Hata hivyo nimeiacha. Ukitaka safari ya utulivu, badilisha difu, usibadilishe kipenyo. Difu haigongi madigadi.

Jambo la pembeni linalohusu polisi: spidomita husomwa kutoka kwenye giaboksi, kabla ya difu na tairi. Ukibadilisha kimojawapo, inaanza kukudanganya. Ikiwa ilikuwa sahihi kwa tairi la 578 na sasa una 615, ikionyesha 100 wewe uko 106. Pima kwa simu yenye GPS kwenye barabara iliyonyooka, abiria ndiye ashike simu.

Hatua ya nne: upana na ofseti

Kwa tairi la 185/60R14 rimu ya upana wa inchi 5.5 au 6 inatosha. Watu wanataka 7 ili gari likae kifua mbele. Sawa, lakini tairi hilo halikutengenezwa kwa 7.

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusa habu. Hupigwa muhuri ndani ya rimu, mara nyingi kwa herufi ET. Namba kubwa huivuta rimu ndani, namba ndogo huisukuma nje. Magari ya kuvuta kwa mbele huwa na ET kubwa, 38, 40, 45. DX ni ya kusukuma kwa nyuma na ya zamani. Inataka ET ndogo. Kwa 14x6 (kipenyo cha inchi 14, upana wa 6) ninatafuta kati ya 0 na 25.

Usikisie, piga hesabu. Upana kwa milimita gawanya kwa mbili, jumlisha ET: hiyo ni sehemu ya ndani. Toa ET badala ya kujumlisha: hiyo ni sehemu ya nje. Tuseme rimu uliyonayo ni 5J (upana wa inchi 5) yenye ET 25. Ndani ni 63.5 na 25, yaani 88.5. Nje ni 38.5. Unaletewa 6J yenye ET 15: ndani 91.2, nje 61.2. Maana yake tairi litasogea ndani chini ya milimita 3, na nje karibu 23. Nenda kwenye gari, pima kwa rula: nje una 23 kabla ya ukingo wa madigadi? Haya.

Mimi nilipokosea nilinunua rimu za 15x5.5 za Tiida. PCD ni 114.3, kwa hiyo studi ziliingia, na muuzaji akanipongeza. ET ilikuwa 45. Fanya hesabu mwenyewe: zilisogea ndani kama milimita 26 kuliko za zamani, na tairi likakaa juu ya shokapu ya mbele kama paka juu ya jiko. Nikaambiwa niongeze spesa, kile kipande cha kuwekwa kati ya habu na rimu. Spesa ya milimita 25 ya kujifunga kwa studi zake, iliyochongwa vizuri na kushika shingo ya habu, ni kitu cha heshima. Ile niliyoletewa ilikuwa bati nene lenye matundu makubwa. Rimu niliziuza kwa hasara.

Upande wa pili nao una gharama. Ukizisukuma nje sana, beringi za mbele hubeba mzigo kwa mkono mrefu, usukani unakuwa mzito (na DX haina usukani wa pawa), na kila shimo linauvuta mkononi mwako. Rimu zilizotokeza nje kama masikio ya tembo ni za picha.

Hatua ya tano: jaribu kwa rimu moja

Omba kuazima rimu moja yenye tairi kabla hujalipia nne. Muuzaji anayekataa kabisa hata kwa amana, mwache.

Ivishe mbele, zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Kati ya tairi na shokapu kidole kidogo kipite bila kubanwa. Shusha gari, paka chaki nene kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, pakia watu wanne wa kawaida, pita polepole kwenye tuta kisha kata kona ya kuingia kituo cha mafuta. Rudi utazame chaki. Ilipofutika ndipo tairi linapogusa.

Nyuma rudia yaleyale kwa pande zote mbili. Ekseli ya DX ni moja nzima, na kwenye sedani inashikiliwa na fimbo ya kukingama. Ukishusha springi ekseli inasogea kidogo upande mmoja, kwa hiyo kushoto kunaweza kuwa na nafasi na kulia kusiwe. Kama umeshusha gari, fanya jaribio baada ya kulishusha.

Nikiwa na rimu mkononi huipima pia uzito, kwa mizani ya bafuni. Kati ya mbili zinazoingia sawa, nachukua nyepesi. Uzito wa gurudumu hauko juu ya springi. Shokapu ndiyo inayoubeba kila inapopiga jiwe.

Hatua ya sita: matairi

Ukuta wa 185/60R14 ni milimita 111 za mpira kati ya rimu na shimo. Wa 195/50R15 ni 97.5. Wa 205/45R16 ni 92. Kwenye lami laini ya uwanja wa mashindano tofauti hiyo ni tamu. Kwenye barabara ya mtaa wangu baada ya mvua za masika ni rimu iliyopinda. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kutokwenda 15 bila breki kunilazimisha, na ya kutoigusa 16.

Soma maandishi ya ubavuni. 82H maana yake tairi moja linabeba kilo 475 na linaruhusiwa hadi kilomita 210 kwa saa. DX haitafika huko, lakini tairi lenye S au T lililotosha kwa 4K sasa linafanya kazi karibu zaidi na ukomo wake. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (meno ya kukanyagia) nzuri na umri wa miaka kumi ni mpira uliokauka. Na lile lililochongwa upya kwa kisu cha moto, ambalo kashata zake zinaonekana nzito kupita kiasi na chini yake waya unachungulia, usilitie kwenye gari hili hata kama utapewa bure.

Kama pesa ni chache na breki bado ni za asili, 175/70R13 nzuri na mpya ni bora kuliko 14 za mtumba. Sioni aibu kulisema hilo.

Hatua ya saba: kufunga

Nati zifanane na rimu. Rimu nyingi za aloi za dukani zinataka nati yenye ncha ya koni. Rimu nyingi za aloi za asili za Toyota za zamani zinataka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Ukizichanganya, nati inakaza lakini haijakaa. Hesabu mizunguko: kwa studi ya M12 uzi wa 1.5, nati iingie angalau mizunguko minane kamili. Ikiwa ni mitano, studi ni fupi, badilisha studi.

Kaza kwa msalaba, gari likiwa bado limeinuliwa kidogo, kisha malizia kwa spana ya kipimo kwenye Nm 100 hivi. Bunduki ya hewa ya kibandani haijui kipimo. Baada ya kilomita 80 kaza tena. Fanya balansi, kisha alaimenti, kwa mpangilio huo.

La mwisho watu hulisahau hadi usiku, barabarani: spea. Ile ya inchi 13 iliyo butini huenda haipiti tena kwenye kalipa mpya ya mbele. Ijaribu leo ukiwa nyumbani. Isipoingia na huna nyingine, pancha ikitokea mbele, hamisha gurudumu la nyuma lije mbele, spea ikae nyuma, na utembee taratibu hadi kwa fundi wa pancha. Kwa hiyo beba nati za aina zote mbili.